Hotuba ya Kukabidhi Zulia la Miiba

(Uwanja wa nyuma ya zahanati. Turubai moja, viti vya plastiki arobaini, watu zaidi ya mia. Kwa hiyo wenye magoti mabovu wamesimama na wenye vyeo wamekaa. Nyuma ya meza kuu kuna mteremko mwekundu, mtupu, uliokwanguliwa kama kichwa chenye mapunye, na chini ya mteremko kuna nyumba sita zilizoupa mgongo. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, kuna chungu kimoja chenye mmea. Mheshimiwa anapuliza kipaza sauti kama anayepoza uji.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi; Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru nami nikakubali kumkaimu bila kinyongo; Ndugu Naibu wangu; Ndugu Msaidizi wa Naibu wangu; Ndugu anayemshikia Msaidizi mwavuli; Bwana Shamba wetu, ambaye naomba asimame aonekane, ahsante, kaa; Bwana Mkandarasi, ambaye ni shemeji yangu kwa bahati na mkandarasi kwa uwezo; Muuguzi Mkuu wa zahanati hii, ambaye tumemkatiza kazi; wagonjwa mlioacha foleni ili mnisikilize; wazee, kina mama, kina baba; wananchi wa chini ya mteremko, na wananchi wa juu ya mteremko, ambao kutoka hapa tunawaona nyayo tu: nawasalimu nyote, itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemsahau basi na yeye ajihesabu kuwa amezingatiwa.

(Makofi. Wengine wanaua nzi.)

Kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba yangu, na hata kabla sijaingia kwenye utangulizi wa hicho kiini, naomba tujifunze kaulimbiu ya mradi, kwa sababu mradi usio na kaulimbiu ni kama jiko lisilo na moshi, hakuna anayejua kama kuna kinachopikwa. Nikisema "Funika", ninyi mtajibu "Ardhi". Funika!

(Watu: "Kombe!")

Ardhi, ndugu wananchi. Ardhi. Funika!

(Watu: "Kombe!" Mheshimiwa anamtazama Naibu. Naibu anatazama viatu vyake, ambavyo ni vipya.)

Tutarudi hapo. Ndugu wananchi, leo ni siku ya kukabidhi rasmi Mradi wa Kufunika Ardhi kwa Mwiba Tambazi Usiokauka, Awamu ya Kwanza na ya Mwisho, mradi ambao mimi binafsi niliubuni, nikausimamia, nikautathmini, nikaupongeza. Na kwa wale ambao hawakupata bahati ya kukaa na wataalamu, nifafanue kwamba mwiba huu si kama hiyo miiba yenu ya kuzibia zizi. Huu ni mwiba wa mapambo, mwiba uliokwenda shule. Hausimami, unalala chini ukatambaa. Jani lake ni nene, lina makunyanzi kama kiganja cha mtu aliyefua maisha yake yote. Kiangazi ni kijani, masika ni kijani, baridi ni kijani. Na kila kifundo cha shina lake kinapogusa udongo hutoa mzizi, na mzizi huo hushika udongo kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

("Mwanangu, hayo maneno ni yangu!" Ni bibi mmoja wa safu ya mbele, amesimama kwa sababu kiti chake kimekaliwa na mkoba wa Naibu. "Nilimwambia Bwana Shamba mwaka jana, akayaandika kwenye kidaftari chake. Hata hilo la mtoto na sokoni." Watu wanacheka. Bwana Shamba anakuna shingo.)

Naam, naona stekiholda wetu, yaani mdau, wa chini kabisa wa mteremko ameshaanza kuchangia, na huo ndio ushirikishwaji tunaoupigia debe kila siku. Huyu, kwa msiomjua, ndiye bibi ambaye ninyi wenyewe mnamwita Bibi Mawe, kwa ile tabia yake ya kupanda mteremko kila asubuhi na jiwe kichwani, akafika juu, akalilaza, akashuka kufuata lingine. Wapo waliosema amechanganyikiwa. Mimi sikusema, nilisoma tu barua yao na kuiwekea saini.

("Nilikuwa nakandamiza mashina!" anasema Bibi Mawe. "Shina ukiliacha linaelea, halishiki. Ukiliwekea jiwe, siku ishirini linaota mzizi. Nani aliyechanganyikiwa hapo, mwenye jiwe au mwenye saini?")

Swali limepokelewa na litajibiwa kwa maandishi. Nirudi kwenye besilaini, yaani hali ilivyokuwa. Masika iliyopita, kama ripoti yetu inavyoeleza katika ukurasa wa tisa, udongo wa mteremko huu ulishuka bila kibali ukaingia katika nyumba ya tatu kutoka bombani, ambayo ndiyo ya bibi huyu, ukapita jikoni, ukazika mafiga yote matatu, ukasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Ofisi yangu ililichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa mno, na ndani ya miezi saba tu tulikuwa tumeshakubaliana kuwa ulikuwa ni udongo.

(Mtu mmoja anapiga makofi kwa makosa, kisha anaona aibu.)

Ndipo tukafanya fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu. Mimi na ujumbe wa watu kumi na wanne, tukiwemo mimi na mama watoto wangu katika nafasi yake ya mtaalamu wa kijani, tulisafiri kwenda nchi ya mbali kuuona mwiba huu katika bustani za wenyewe. Tulikaa siku kumi na moja. Kwa bahati mbaya tulifika majira ya theluji, na bustani yote ilikuwa imefunikwa ikawa nyeupe kama kitambaa cha meza hii. Lakini wenyeji wetu, watu waungwana sana, walituhakikishia kwamba mwiba uko hapo chini na uko kijani. Tulisimama, tukaitazama theluji, tukaamini. Na ujuzi huo, wa kuamini mmea bila kuuona, ndio hasa tuliourudisha nyumbani na kuutumia katika mradi huu.

(Muuguzi Mkuu anakohoa, na si kikohozi cha mafua.)

Sasa nije kwenye takwimu, maana mimi si mtu wa maneno. Tangu mradi huu uanze kutekelezwa, idadi ya miche iliyokauka ni sifuri. Narudia kwa walio nyuma: sifuri! Idadi ya miche iliyoliwa na mbuzi ni sifuri, ingawa asubuhi ya leo mbuzi mmoja alionekana akiutazama mteremko wote kutoka kulia hadi kushoto, akaondoka taratibu. Wananchi waliochomwa na miiba, sifuri, jambo ambalo kwa mradi wa miiba ni rekodi. Maji yaliyotumika kumwagilia hayajazi kikombe. Na tulipopima usawa wa upandaji, hatua kwa hatua, hatukuona tofauti yoyote kati ya pale tulipopanda kwa wingi na pale ambapo hatukupanda kabisa. Huo ndio uwiano! Nionyesheni mkulima yeyote hapa anayeweza kusema hivyo kuhusu shamba lake.

("Hayupo," anasema mzee wa juu ya mteremko. "Sisi hupanda.")

Ahsante, mzee. Nije kwenye implimentesheni. Hatua ya kwanza ilikuwa kusafisha eneo, kwa sababu huwezi kutandika zulia juu ya takataka. Kazi hii ilifanywa na Bwana Mkandarasi kwa siku tatu, ikakamilika jana jioni, na naomba niwasomee taarifa yake kama ilivyo, maana imeandikwa kwa ari. Anasema: "Mteremko ulikutwa umevamiwa na magugu ya aina ya miiba, yametambaa toka juu hadi chini, mazito, ya kijani, yameshika udongo kwa ukaidi, hata mipini minne ya majembe ikavunjika. Magugu yote yaling'olewa. Aidha, yaliondolewa mawe mia mbili na kumi na saba yaliyokuwa yamekaa juu ya magugu hayo bila sababu inayoeleweka."

(Sauti moja, ndogo, kutoka safu ya mbele: "Mia mbili na kumi na tisa.")

Taarifa inasema kumi na saba, Bibi.

("Na mimi nasema kumi na tisa. Aliyeyabeba ni mimi, kwa kichwa hiki, na kichwa hakisahau. Bwana Shamba! Simama. Mwanzo uliambiwa usimame uonekane, sasa simama usikike. Yale yaliyong'olewa yalikuwa magugu?" Bwana Shamba anasimama nusu. "Bibi, ukiangalia kitaalamu..." "Kitaalamu kaa nacho. Kwa macho." Bwana Shamba anautazama mteremko, anatazama chungu kilicho mezani, anamtazama Mheshimiwa. "Kwa macho, Bibi, ndio wenyewe. Mwiba tambazi. Na huo wa mezani uling'olewa hukohuko juzi, kwa ajili ya kupamba." Watu: "Aaa!" Ile "aaa" ndefu, ya kufumania.)

Utulivu, ndugu wananchi. Utulivu. Ufafanuzi wa mtaalamu umepokelewa, na mtaalamu atafika ofisini kwangu kesho saa mbili bila barua ya wito. Lakini hebu tuwe watu wazima. Kama kweli mradi wa kupanda mwiba umeanza kwa kuung'oa mwiba, basi hiyo maana yake ni kwamba tulipata eneo ambalo tayari limeonyesha kuwa linaufaa mwiba, na utafiti wa aina hiyo, wa kuthibitisha kwa mzizi mzima mkononi, wenzetu wengine wanaufanya kwa miaka.

Na hapa nimalize minong'ono kuhusu picha. Ripoti ina picha mbili. Moja imeandikwa KABLA, inaonyesha mteremko mwekundu, mtupu. Nyingine imeandikwa BAADA, inaonyesha mteremko wa kijani, umejaa, umependeza, na katikati kuna mtu ameinama na jiwe, ambaye chini yake tumeandika "Mmoja wa vijana wetu akiwa kazini".

("Kijana huyo ana wajukuu tisa," anasema Bibi Mawe. "Na wa kumi ana siku kumi na mbili." Watu wanashangilia. Muuguzi Mkuu anapiga meza.)

Hongera, Bibi. Sasa kuna mtu, sitamtaja, lakini amevaa sare nyeupe na anapiga meza ya ofisi, aliyeniuliza ni kwa vipi picha ya BAADA ilipigwa miezi mitatu iliyopita na picha ya KABLA ikapigwa jana jioni. Jibu ni jepesi. Picha zote mbili ni za kweli. Miteremko yote miwili ni huu huu. Kilichotokea ni tatizo dogo la mpangilio, na anayetaka kuona maendeleo kwa usahihi anaombwa kuanza kusoma ripoti kutoka nyuma.

(Kicheko kinaanzia kwa wagonjwa, maana hao hawana cha kupoteza, kinafika mpaka kwa anayeshika mwavuli. Mwavuli unatikisika. Bibi Mawe peke yake hacheki. Anasogea mpaka mezani.

"Mwanangu," anasema, na kipaza sauti kinalidaka neno hilo. "Sikuja hapa kukuchekesha. Mvua imebakiza wiki tatu. Mkamwana wangu amejifungua, na chumba chao ni hicho cha nyuma, kile ambacho udongo uliishia mlangoni. Mwaka jana uliishia mlangoni kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na mimi nimeuegemea. Mwaka huu mlimani hakuna hata unyasi. Sitaki zulia, sitaki utepe, sitaki kuitwa stekiholda. Nataka vijiti vyangu nivirudishe ardhini kabla mvua haijapiga hodi. Nijibu hilo, halafu endelea na maneno yako mpaka uchoke.")

Bibi yangu. Mama yangu. Hakuna mtu anayeguswa na kilio chako kama mimi, na nimeshaagiza kiguso hicho kiingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini ofisi ina utaratibu. Mradi huu umekamilika. Faili lake lilifungwa jana usiku, likafungwa kwa kamba nyekundu, likapandishwa kwenye shelfu la juu, na ngazi ya kufikia shelfu hilo imeazimwa na idara nyingine. Mradi ambao umeshakwisha kwenye karatasi hauwezi tena kuanza kwenye udongo. Hiyo itakuwa ni kurudia kazi, na kurudia kazi ni ubadhirifu, na ubadhirifu, mimi, hapana! Mimi si mtu wa hivyo!

(Hakuna makofi, hata ya kuua nzi.)

Kuhusu hivyo unavyoviita vijiti, ambavyo vimerundikwa nyuma ya turubai karibu na bomba linalovuja, hizo kwa sasa ni taka za ofisi. Ni marufuku mtu yeyote kuzigusa mpaka gari la taka lije kuzichukua. Na gari la taka, kama mnavyokumbuka, ni ule mradi wetu mwingine uliokamilika.

(Watu wanatazamana. Gari hilo la taka hakuna aliyewahi kuliona, wala kulisikia, wala kunusa lilikopita. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma anaacha kiti chake, anapotea nyuma ya turubai. Wa pili anamfuata. Bwana Shamba naye, maana kesho saa mbili ameshaitwa, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, anaona bora achomwe kwa jambo la maana. Sauti yake inasikika kutoka nyuma: "Bado mbichi! Ncha ziko hai! Msizipande wima, zilazeni! Mawe, kina mama, mawe!")

Naona baadhi yenu mnapisha wengine viti, na huo ndio moyo wa kizalendo ninaouzungumzia. Niendelee. Katika kujenga kapasiti, tumeendesha semina nne za namna ya kutembea pembeni ya mwiba. Katika eneo la sastenabiliti, yaani uendelevu, tumeunda kamati ya kulinda mwiba dhidi ya kukauka, nayo imefanya kazi nzuri, kwani kisichokuwepo hakikauki, samahani, kisicho... Naibu, hapa umeandika nini? Kisichokuwepo. Ndivyo ilivyoandikwa, basi ndivyo ninavyosoma.

(Safu ya tatu imekwisha. Safu ya pili inaondoka kwa adabu, ikiinama kama watu wanaopita mbele ya wakwe. Nyuma ya Mheshimiwa, mteremkoni, mistari ya kijani inaanza kulala juu ya udongo mwekundu, na jiwe linapita kutoka mkono hadi mkono. Mheshimiwa hageuki. Mtu wa aina yake hageuki. Huandaliwa gari likamgeuze.)

Kabla sijamaliza, maana nimebakiza kurasa kumi na moja lakini naona jua, naomba nitoe shukrani. Namshukuru Bwana Mkandarasi kwa kusafisha eneo likawa safi kuliko tulivyotaka. Nawashukuru wataalamu wa nchi ya theluji kwa kutuonyesha nyeupe tukaona kijani. Naishukuru ofisi yangu kwa kupanda, katika ripoti, miche elfu sita na mia nne, yote ikashika. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bibi Mawe, ambaye kwa mwaka mzima, bila semina, bila glavu za mkononi, bila sisi kujua wala kumuuliza, aliotesha kila jani mnaloliona katika ukurasa wa ishirini na mbili. Maana pasingekuwa na miiba yake tusingekuwa na picha, pasingekuwa na picha tusingekuwa na ripoti, na pasingekuwa na ripoti, ndugu wananchi, msingejua kamwe kwamba mlikuwa na mradi, kwani hata mimi, nilipofika hapa leo asubuhi na mkasi wangu wa kukata utepe, nimeutafuta sana.

(Bibi Mawe hayuko kumsikia akishukuriwa. Alikwishaondoka zamani. Sasa anarudi, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko, anasimama mbele ya meza na kunyoosha kidole.

"Hicho."

"Bibi, hiki ni mali ya hafla," anasema Naibu.

"Chungu ni cha hafla. Mwiba ni wangu. Nimwage udongo hapa kwenye kitambaa chenu cheupe, au utanipa na chungu chake?"

Naibu anakitazama kitambaa. Ni cha kuazima. Anampa na chungu chake.

"Na mkoba wako," anasema Bibi Mawe, "umepumzika vya kutosha. Mpe muuguzi kile kiti akamkalishe mgonjwa.")

Basi, ndugu viti, samahani, ndugu wananchi, natamka rasmi kwamba mteremko huu umekabidhiwa. Tumetoka mbali. Tunakwenda mbali. Naomba tuagane kwa kaulimbiu yetu, na mara hii muitikie kwa nguvu ili walio juu wasikie. Funika!

(Jibu linatoka nyuma yake na juu yake, sauti za watu walioinama, kila mmoja na jiwe lake: "Kombe!")

(Mlango wa gari unafunguliwa. Watu wa mteremkoni wanasimama wima kidogo, wananyoosha migongo, wanasogea pembeni.)

(Mheshimiwa anapita.)